Nilimwambia Afanye Haraka

Mnaonisoma tangu mwanzo mnanijua. Mimi ni Madame Edith, mwalimu wa Kifaransa, yule ambaye mume wake alikwenda Kolwezi kwa wiki mbili na sasa ni mwaka wa tatu. Kwa mnaonikuta leo kwa mara ya kwanza: shule yetu ilinichagua niwe msikilizaji wa wanafunzi, nikapewa mafunzo ya siku mbili, chumba chenye viti viwili, na sanduku la mbao la kutilia barua za siri. Katika gazeti la wiki iliyopita niliwaacha hospitalini. Mwanafunzi wangu Liévin, wa darasa la mwisho, alianguka Ijumaa katikati ya mtihani wa jiografia kwa vidonge alivyokunywa, na Jumamosi mama yake alinishika mkono akaniuliza kama mtoto aliniambia kitu.

Mama mmoja wa Kamalondo ameliandikia gazeti. Anasema amechoka na mimi, niseme nilijibu nini. Mama, umechoka wiki moja tu. Mimi nina miezi.

Nilijibu hapana.

Sasa nitawaambia ukweli, ambao siku zile hata padri sikumwambia.

Mimi ni wa ukoo wa Chui. Liévin alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Kwa sisi wenye asili ya Kibemba, hao ni watani. Chui anamwita Mbuzi nyama yake, Mbuzi anamtukana Chui mbele ya watu, na hakuna anayekasirika. Na siku Mbuzi akifa, Chui ndiye anayekwenda msibani kumfanyia kazi: kuosha, kupika, kumcheka marehemu mbele ya jeneza mpaka wafiwa nao wacheke. Hiyo ni heshima. Asiyekuja, ukoo unamkumbuka kwa ubaya.

Liévin aligundua ukoo wangu akiwa darasa la nne la sekondari. Tangu siku hiyo nilikuwa Madame Chui. Akichelewa, nilimwambia nitamchinja. Nikimpa alama mbaya, alisema nimeanza kumla kabla ya siku. Darasa zima lilicheka, nami nilipenda. Nyumbani kwangu hakukuwa na mtu wa kunichekesha.

Baba yake alikufa mwaka uliopita, udongo ulimwangukia kwenye shimo la kuchimba madini. Baada ya hapo mtoto hakulala. Mwezi wa pili alikuja kwenye chumba changu na kuniambia kwamba anakunywa vidonge vya kutuliza maumivu, vile vinavyouzwa kimoja kimoja kwenye beseni sokoni. Mwanzo alikunywa ili alale. Halafu akawa hawezi kuamka bila hivyo.

Nilifanya nilivyofundishwa. Nilijaza karatasi ya kumpeleka kwa mwanasaikolojia wa hospitali. Karatasi ilihitaji mhuri wa préfet, yaani mkuu wa shule yetu, Bwana Kunda. Préfet alisema nimwachie mezani. Nilimwachia. Nikamkumbusha mara moja, halafu mitihani ikaanza na mimi nikasahau. Ndiyo, nilisahau, niandikieni mnavyotaka.

Jumatano ile, siku mbili kabla ya kuanguka kwake, nilikuwa chumbani na rundo la karatasi za kusahihisha. Liévin aliingia bila kuketi. Alikuwa amenyoa nywele na shati lake lilikuwa safi sana. Nilimwambia amependeza kama mbuzi wa sikukuu.

Akasema, "Madame Chui, utanizika muzuri?"

Nilimwambia ngozi yake nitaifanya zulia.

"Basi ujitayarishe. Vendredi utakula mbuzi yako."

Ijumaa, alisema. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Sikuinua hata macho. Nilimwambia, "Fanya mbio basi, njaa iko inaniuma."

Alicheka. Nami nilicheka. Alipofika mlangoni aligeuka na kuniuliza kama kweli nitakuja. Nikamjibu kwamba chui haachi nyama yake, aende darasani. Alitoka, na mimi nikaendelea kusahihisha huku bado natabasamu.

Kwenye mafunzo yale mwezeshaji alituambia jambo moja ambalo nililiandika kwa wino mwekundu: mtoto akitaja kifo, weka kalamu chini, mtazame, muulize waziwazi kama anataka kufa. Kumuuliza hakumpi wazo, kunampa mlango. Daftari lile lilikuwa kwenye droo, chini ya kiwiko changu.

Kwa nini nilidanganya hospitalini? Nyuma ya Mama Chileshe, mama yake Liévin, alisimama kaka yake, Mjomba Chishimba, mtu wa maneno machache anayefanya kazi kwenye mgodi wa Kinsevere. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Na karibu na mjomba alisimama préfet. Niliwaona wote watatu wakinitazama, na neno likatoka lenyewe.

Mama Chileshe akashusha pumzi. "Kama hata weye mutani wake haukujua, basi hakuna muntu mwenye alijua. Hakupenda kufa. Ni ile dawa njo ilimuzidi."

Alifarijika, naapa. Nikajiambia kwamba uongo wangu umemsaidia mama wa watu. Nilirudi nyumbani na wazo hilo na kupika ugali kama kawaida.

Jumatatu, Liévin akiwa bado hospitalini hajaamka, préfet alisimama mbele ya bendera. Alisema kuna mtu katika shule hii aliyejua, na kwamba anayejua akanyamaza ni muuaji. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa walimu. Nilimshika bega mwalimu wa hesabu, akadhani nina malaria.

Halafu wakapekua mifuko.

Kwenye mfuko wa Sephora Mujinga walikuta vidonge vimefungwa katika kitambaa. Sephora ndiye aliyekuwa wa kwanza katika darasa la mwisho, msichana ambaye hajawahi hata kuitwa kwa kelele. Alikuwa jirani wa Liévin huko Katuba, walitembea pamoja kuja shule tangu wakiwa na miaka sita.

Hakulia. Alieleza mbele ya watu wote kwamba Alhamisi asubuhi alimnyang'anya Liévin vidonge hivyo njiani, akidhani ndivyo vyote alivyokuwa navyo. "Nilibeba ile dawa juu asikunywe. Nilikuya kwa Madame Edith. Nilipiga hodi, mulango ilikuwa ya kufunga."

Ni kweli. Alhamisi asubuhi nilifunga chumba, kwa sababu alama zilitakiwa saa sita na chumbani watoto wananisumbua. Nilikwenda kusahihishia chumba cha walimu, nyuma kabisa, mahali ambapo mwanafunzi haruhusiwi kufika.

Préfet hakuuliza zaidi. Alisema baraza la nidhamu litakaa Jumanne. Kwake jambo lilikuwa limekwisha: amepata vidonge, amepata aliyejua, na aliyejua ndiye aliyeuza.

Kumbukeni kwamba ningeweza kulimaliza kwa sentensi moja. Jumatano Liévin aliniambia mimi, na siku aliyoichagua akaitaja. Sentensi hiyo ingeonyesha kwamba hakuna aliyemuuzia kifo shuleni, kwamba Sephora alijaribu kuzuia kitu ambacho mimi mkubwa, mwenye cheti cha mafunzo, nilikichekea.

Usiku kucha niliifanyia mazoezi. Asubuhi nilivaa kitenge changu kizuri ili nikaiseme.

Katika baraza mimi ndiye ninayeandika, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Tulikaa sita. Sephora alisimama, na baba yake, Papa Stéphane, fundi wa kuchomelea vyuma, alikaa kwenye ukingo wa kiti akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

Préfet aliniuliza kama huyu msichana aliwahi kuja kwenye chumba changu. Nilisema ndiyo, mara nyingi, na siku zote alikuja kwa ajili ya wenzake. Na Alhamisi? Nilisema Alhamisi sikuwapo chumbani, inawezekana kabisa kwamba alibisha. Nilijiona shujaa. Mkono wangu ulikuwa unaandika maneno yangu mwenyewe.

Kisha préfet, ambaye karatasi yangu ya mwezi wa pili ilikuwa bado mezani kwake bila mhuri, akauliza swali lenyewe: je, mwanafunzi Liévin aliwahi kunipa dalili yoyote?

Sephora aliinua macho akanitazama. Sijui Liévin alimwambia nini njiani. Mpaka leo sijui. Lakini alinitazama kama mtu anayesubiri mwingine amalize sentensi.

Niliona mbele yangu barua ya kufukuzwa kazi. Niliona binti zangu wawili, niliona jina langu likitembea Lubumbashi nzima: mwalimu aliyemwambia mtoto afe upesi. Nikasema hapana. Halafu nikainama nikaiandika: Msikilizaji wa shule athibitisha kwamba hapakuwa na dalili.

Walimfukuza Sephora. Mtihani wa taifa ulibakiza wiki tano, na hakuna shule inayompokea mtu wakati huo. Mwaka wake ulikufa pale, na karatasi iliyouua ilikuwa na mwandiko wangu mzuri.

Kabla ya kutoka, Sephora alisimama karibu na meza yangu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniumiza.

"Madame, mi nilifikiri ile chumba iko ya kusema."

Uwanjani Papa Stéphane alinifuata mbio. Nilidhani anakuja kunipiga, nikasimama nipigwe. Alinishika mikono yote miwili. "Asante, Madame. Ni weye peke njo ulimusemea mutoto wangu neno ya muzuri." Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Nilimwambia asijali.

Jumatano nilifungua sanduku la barua. Kwa kawaida kwa wiki nilipata barua sita, saba: huyu anapigwa nyumbani, huyu kaka yake anamlazimisha kuonja lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, huyu hataki tena kula. Siku hiyo nilipitisha mkono mpaka kwenye kona. Hakukuwa na kitu. Watoto si wajinga. Walikuwa wamejifunza kwamba Sephora alikwenda kubisha kwa msikilizaji, na Sephora amefukuzwa. Shule yenye wanafunzi mia nane ilikuwa imefunga mdomo kwa siku moja, na mimi ndiye niliyeifunga.

Nilikuwa bado nimepiga magoti mbele ya sanduku nilipoona viatu vya mtu mzima. Ni Mjomba Chishimba, katika nguo zake za kazi.

"Chui," akasema, "mbuzi yako alikufa. Asubuyi hii. Bantu ya kwetu beko banakungojea."

Hakunipa muda wa kulia. Alisema mazishi ni kesho, kwamba Chui wengine watatu watatoka Likasi, lakini dada yake ananitaka mimi. Mtoto alimwambia mara nyingi kwamba siku yake Madame Edith ndiye atakayemcheka. Nilisema ninaumwa. Mjomba akasema watanipikia uji huko huko.

Basi Alhamisi mchana nilikwenda Katuba.

Walikuwa wametandaza turubai mbele ya nyumba, na viti vya plastiki vilikuwa vimejaa mpaka barabarani. Wanawake walikaa chini kwenye mikeka. Darasa la mwisho lote lilikuja na sare, likasimama upande wa ukuta. Préfet alikuwa mstari wa kwanza, na suti. Nje ya uzio, mbali na wenzake, alisimama Sephora akiwa na gauni la nyumbani, kwa sababu sare alikuwa amenyang'anywa. Baba yake alikuwa amesimama karibu naye.

Hakuna aliyesema kwamba Liévin alijiua. Walisema dawa ilimzidi. Padri mwenyewe alisema dawa ilimzidi. Na wengine, wakinong'ona, waliongeza kwamba kuna msichana aliyemuuzia, yule pale, na ona hana haya, amekuja.

Nikayasikia kwa masikio yangu. Mwanamke mmoja akatema mate kuelekea kwenye uzio, na Sephora akarudi nyuma hatua moja. Hakuondoka.

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Sisemi nilipata ujasiri, ujasiri sina. Niliona tu kwamba sitaweza kubeba jambo hili hata hatua moja zaidi.

Mjomba Chishimba alipiga makofi mara mbili na kutangaza kwamba Chui amefika, Mbuzi wamfungulie njia. Watu wakajisogeza. Mama Chileshe alikuwa amelala, kichwa kwenye paja la dada yake. Tangu jana jioni hakuwa amekula wala kusema. Aliponiona aliinua mkono kidogo, akaniashiria nianze.

Nilisimama mbele ya jeneza. Nilipanga kusema polepole ili wote wasikie: préfet, Papa Stéphane, na wale wanawake.

"Ule mutoto alikuya kwangu mercredi," nikasema, nikimaanisha Jumatano ile. "Aliniambia: vendredi utakula mbuzi yako."

Bibi mmoja wa ukoo wa Mbuzi akacheka. Kicheko kirefu, cha meno machache. Wawili wakamfuata.

Nikaendelea. Nilisema sikuinua hata macho. Nilisema nilimjibu afanye mbio, kwamba njaa inaniuma.

Uwanja mzima ukalipuka. Wanaume walipiga mapaja yao. Watoto wa darasa la mwisho, ambao walikuwa wamelia tangu asubuhi, walianza kucheka nao, kwa sababu ni kweli kabisa, ndivyo mimi na Liévin tulivyosemezana kila siku. Mtu fulani alipaza sauti akasema Chui huyu ni mkali, mpeni kiti.

Niliwaambia sitanii.

Wakacheka zaidi. Hakuna mtani ambaye hasemi hivyo. Baba zetu walisema hivyo, na mimi mwenyewe nimesema hivyo kwenye vilio visivyo na hesabu, huku nimevaa koti la marehemu kinyumenyume.

Nilipaza sauti. Nilisema Sephora hakuuza kitu, kwamba alimnyang'anya vidonge ili asife, alikuja kunitafuta na mimi nilikuwa nimejificha. Nilisema nilidanganya mara mbili, hospitalini na kwenye baraza, na mwandiko ni wangu. Nilikuwa nalia sasa, kamasi zinanitoka. Wanawake walipiga vigelegele, wakasema tazama anavyolia, amekosa nyama. Préfet alitabasamu kwa adabu na kupigapiga goti lake kwa vidole. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Na Mama Chileshe alicheka. Alianza kwa pua, kisha mabega, kisha mwili wote ukatikisika juu ya paja la dada yake. Dada yake alinitazama kwa macho ya shukrani na kunong'ona kwamba ni mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Nilimtafuta Sephora kule nje ya uzio. Yeye hakucheka. Alikuwa ameweka mkono mdomoni, na baba yake alikuwa anamuuliza kitu sikioni, na yeye anatikisa kichwa kukubali.

Nilikuwa nimesema yote, neno kwa neno, mbele ya watu mia mbili, na hakuna aliyenisikia. Nikafikiria kwenda kukaa. Mungu anisamehe, kwa dakika nzima nilifurahi. Nilijiambia nimekwisha kutubu, na kama hawakuelewa si kosa langu.

Ndipo Mjomba Chishimba aliposimama. Yeye hakuwa amecheka. Alikuja mpaka kati yangu na jeneza, akanyoosha mkono juu, na kwa kuwa ni yeye mwenye mtoto, kelele zikaanza kupungua kutoka mbele kwenda nyuma. Préfet aliacha kupiga goti lake.

"Bantu, munyamaze," akasema. Kisha akaniinamia, karibu sana, na hakuniita Chui. "Madame. Rudilia. Mercredi gani?"

Pale chini kwenye mkeka, Mama Chileshe aliinua kichwa kutoka kwenye paja la dada yake ili asikie vizuri. Kicheko kilikuwa bado hakijamwisha usoni.